Kwa Fundi Lubango, Niliyemtaja

Fundi wangu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia. Lakini miaka minne nilishona kando yako hapa Kalangalala, na hakuna asubuhi niliyofungua kinywa mbele yako kabla ya kukuamkia. Sitaanza leo.

Sayi ameachiwa. Yule mliyefungwa naye kwa kesi moja. Alikuja hadi mlangoni kwangu, amekonda. Akasema, "Majaji wamesema tochi humwonyesha anayemulikwa, siyo anayemulika." Nikamuuliza, na Fundi je? Akaangalia chini. "Mzee alikufa kabla. Rufaa yake wameifuta kwa sababu ya kifo. Hawakusema chochote juu yake."

Kwa hiyo kwenye makaratasi bado wewe ni jambazi. Mimi ndiye niliyekuandika humo.

Usiku ule walipovunja mlango wetu walitukalisha sakafuni, Paulo mume wangu akivuja damu kichwani kwa panga. Mmoja alitumulika machoni, wenzake wakisomba mali ya duka. Nyuma ya ule mwanga niliona mtu mrefu mwenye kofia. Basi, Fundi. Basi. Majirani walipofika nikasema, "Alikuwa mrefu, kama Fundi Lubango." Kufika kituoni, Paulo akasema, "Mke wangu amemtambua Fundi." Lile "kama" halikuandikwa. Nami nikatia sahihi.

Sikukusudia uongo. Kila nilipoisimulia habari ile, uso wako ulizidi kujitokeza, hadi siku ya kesi nikawa nakuona kabisa, na mvi zako za kidevuni. Hata leo nikifumba macho nakuona pale mlangoni kwetu, mahali ambapo hukuwahi kuwa.

Hukuwa na wakili. Uliniuliza maswali mwenyewe, taratibu, kama ulivyokuwa ukiniuliza kwa nini nimekata kitambaa vibaya.

"Ng'wanone, mwanangu, tochi ilikuwa ya nani?"

Yao.

"Waliimulika wapi?"

Machoni kwetu.

"Sasa mimi ulinionaje?"

Nikakujibu, "Nakufahamu, Fundi." Hakimu akaandika. Ulinitazama kidogo, ukasema huna swali lingine. Ukapata miaka thelathini. Hukuimaliza hata miwili, kifua kikakumaliza.

Sayi alipoondoka nilipanda gari kwenda Kolandoto, kwa mkeo, Mama Kulwa. Amerudi kwao, analima dengu. Nilimkuta shambani, nikapiga magoti palepale kwenye matuta, nikamwambia yote. Aliendelea kupalilia hadi mwisho wa mstari, kisha akageuka.

"Mimi sina cha kukusamehe, Neema. Aliyekuwa nacho yuko udongoni. Wewe ulimtaja mbele ya watu. Nenda ukamtoe mbele ya watu."

Hakunipa maji. Sikustahili.

Niliuliza mahakamani kama naweza kufuta maneno yangu. Karani akasema faili lako limefungwa, akaniasa niangalie nisijitafutie kesi. Paulo kanuna. Kovu lake bado linamuuma kukiwa na baridi, na anahitaji awepo mtu aliyelisababisha. "Ukienda kumsafisha yule," kaniambia, "usirudi kwenye nyumba hii." Simlaumu. Kama si wewe, basi waliomkata bado wanapita mtaani na kutusalimia.

Hata hivyo nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Jumamosi kuna mkutano wa hadhara, na amenipa nafasi baada ya habari za maji. Alidhani nataka kulalamikia bili.

Nimeshafunga nguo zangu kwenye begi, Fundi. Naogopa. Lakini nakuahidi: nitasimama, nitalitaja jina lako lote, nitawaambia kwamba mtu waliyemzomea akipandishwa kwenye karandinga hakuwa ameiba hata uzi, na kwamba aliyesema amemwona hakumwona. Kisha nitarudi Kolandoto kumwambia Mama Kulwa kwamba limesemwa, hata kama hatanyanyua uso.

Pumzika, mwalimu wangu. Sikuombi unisamehe.

Neema