Wimbo Nilioutoa Msibani

Alhamisi. Mvua imekatika asubuhi, na sasa jua linawaka kama lina hasira na mtu. Nahisi mtu mwenyewe ni mimi.

Daftari, leo nakupa ya kweli, maana wewe huna mdomo, na kijijini hapa hakuna mwingine wa namna hiyo.

Unanijua. Mimi ndiye Mfaume, mpiga gitaa wa bendi ya vijana wa kijiji chetu cha ujamaa. Shule nimeishia darasa la tano, lakini mwandiko wangu unawashinda waliofika la saba. Suruali ya bugaluu, kati ya hapa na Nangurukuru, ninayo mimi peke yangu. Na mimi ndiye, kwa maneno yangu mwenyewe, mtunzi wa "Nani Atanichemshia".

Wimbo huo umenishinda mbio. Wanaoleta samaki wakavu kutoka Songo Songo wanasema kule unaimbwa na akina mama wakikwangua magamba. Madereva wanaosimama kula Nangurukuru wameupandisha mpaka Rondo. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima ameandika kiitikio ubaoni, wanafunzi wake wanakifuata kwa fimbo, a-ta-ni-che-m-shi-a, na bibi mmoja aliyekuwa akiweka dole gumba kila mahali sasa anaandika sentensi nzima. Sentensi yangu.

Mwenyekiti wa kijiji tu ndiye aliyeupiga marufuku, na ni kwenye palizi ya mikorosho peke yake. Anasema tukiuimba majembe yanashuka kama yanaomba ruhusa, mistari haiishi. Alinitaka niuchangamshe. Nikamwambia, "Mwenyekiti, huzuni haikimbii." Watu wakacheka, nami nikatembea siku mbili nzima nikiwa mrefu kuliko kawaida.

Wasichana wakiniuliza niliumizwa na nani hata nikatunga vile, nawaambia yupo mmoja Kilwa Masoko, jina silitaji.

Hayupo.

Ukweli ni huu. Mwaka jana alifariki Bi Hadija, mke wa Mjomba Issa. Mjomba ndiye kaka wa mama yangu, ndiye aliyenipeleka jandoni, ndiye aliyeninunulia gitaa hili kwa korosho zake mwenyewe. Siku tatu za matanga hakula wala hakusema. Alikaa mkekani akitazama mlango wa jikoni.

Siku ya tatu akaja Bi Somoe. Ukoo wake na ukoo wa Mjomba ni watani tangu mababu, na mtani msibani hazuiwi kitu. Bi Somoe alivaa kanzu ya Mjomba, akajifunga kilemba, akachukua mti wa kuchimbia na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, akasimama mbele ya mfiwa mwenyewe. Akalia kwa sauti nzito ya kiume: "Ming'oko nimechimba, nani atanichemshia?" Akazunguka uwanja mzima akiwauliza wanawake mmoja mmoja, kikapu mkononi, kamasi za uongo zinamtoka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na Mjomba Issa naye akacheka. Akacheka, kisha akalia vizuri, kisha akaomba uji.

Mimi nilikuwa pembeni nachanja kuni. Ile sauti ikanikaa kichwani.

Baada ya wiki nikaiweka kwenye gitaa, nikaipunguza mwendo, nikaongeza beti mbili za mapenzi. Moja nzuri. Ya pili, tusemezane wenyewe, mbovu. Basi, kazi yangu ndiyo hiyo. Kiitikio, kile chenye kuwaliza watu, si changu hata herufi.

Tena kuna baya kuliko kuchukua cha mtu. Bi Somoe ana ruhusa ya kumtania mfiwa, kazaliwa nayo. Mimi ni mpwa. Mimi ni mfiwa pia! Maneno yale yakitoka kwake ni dawa. Yakitoka kwangu, mbele ya watu waliovaa viatu vya dansi, ni kumcheka mjomba wangu kwa njaa yake na kumfanyia mzaha marehemu aliyenilisha. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Nikayapokea makofi yalipopigwa.

Mjomba hakuwahi kunisema. Ila bendi ikianza mazoezi, yeye huchukua jembe akaenda shamba la mbali. Na watoto wameanza kumwita Mzee Ming'oko.

Sasa ya leo.

Imekuja barua: Jumamosi mafundi wa kurekodi watakuwa Kilwa Masoko, bendi za wilaya zikaimbe, nyimbo zitakazochaguliwa zisikike redioni. Barua ina fomu, na fomu ina mstari mmoja wa jina la mtunzi. Mwenyekiti aipeleke leo leo kwa baiskeli kabla ofisi ya kata haijafungwa. Akanipa kalamu ya risasi mbele ya bendi nzima. Nikaandika MFAUME kwa herufi kubwa, na mkia chini yake kama saini ya waziri.

Bi Somoe alikuwa amekuja ofisini kwa mambo yake ya mbegu. Akachungulia fomu, maana naye ni wa kisomo, anasoma siku hizi. Alilinyanyua gitaa langu pale lilipoegemea, akaliweka kichwani kama mzigo wa kuni, akatoka.

"Bi Somoe! Gitaa!"

"Lina nini? Si ni la ukoo wenu? Mimi mtani wenu, nimechukua. Ukilitaka, njoo ulikomboe kwa mjomba wako."

Bendi nzima ikaangua kicheko. Mtani akichukua huruhusiwi kukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mwenyekiti akatazama saa yake. "Nakusubiri, msanii. Lakini baiskeli yangu haina taa."

Nikaenda, na fomu mfukoni.

Mjomba alikuwa barazani anamenya mihogo ya kuanika. Bi Somoe kakaa kwenye kigoda, gitaa mapajani, anazidonoa nyuzi kwa vidole kama anachambua mchicha.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

Kisu kinaendelea.

"Mwizi wa msibani kaja," Bi Somoe akasema. "Wenzake huiba sahani. Huyu kaiba kilio."

"Bibi, nilikuwa nataka..."

"Nani kakuuliza ulitaka nini? Kukomboa ni kitu kimoja. Imba. Hapa hapa, mbele yake."

Daftari, mimi nimeimba mbele ya mkuu wa wilaya na sikutetemeka. Nimeimba Lindi mjini umeme umekatika, nikaendelea gizani. Leo, mbele ya mzee mmoja na sinia la mihogo, vidole vilikataa. Nilianza, nikakosea, nikaanza tena. Nilipofika kwenye kiitikio nilifumba macho, maana sikuweza kumwangalia. Sauti yangu ikapasuka mahali ambapo haijawahi kupasuka.

Nilipomaliza, kisu kilikuwa kimesimama.

"Polepole mno," akasema Mjomba. "Hadija angekuwa keshalala."

Bi Somoe akapiga paja lake kwa kicheko. Mimi sikujua nicheke au nikimbie.

"Lakini pale kwenye kuuliza nani," Mjomba akaendelea, "pale usiharakishe. Pale pako sawasawa."

Kisha akasema kitu ambacho tangu msiba sijawahi kumsikia akisema. Akasema Hadija akiipua ming'oko alikuwa akiimenya yote mwenyewe, ingali inachoma, akipuliza vidole. Mikubwa anamwekea yeye kwenye sahani na chumvi na pilipili. Midogo anaila palepale jikoni, akidai ndiyo mitamu. "Miaka yote nikaamini anapenda midogo," akasema. Akarudi kwenye mihogo yake.

Kisha nikajaribu, kwa sauti ndogo, bila kumtazama: "Midogo ukaila wewe, mikubwa ukanipa mimi." Ikaingia kwenye wimbo kama mlango kwenye fremu yake. Ule ubeti wangu mbovu nimeutupa. Hauna hata kaburi.

Nikatoa fomu. Nikaeleza kuwa mstari ni mmoja tu, na kwamba nimeshaujaza vibaya. Sikuona haya kusema hivyo, au niliona, lakini nilisema.

"Nifute niandike nani? Bi Somoe?"

"Mimi sitaki," Bi Somoe akasema. "Mimi nilikuwa natania. Waniandike redioni nikaonekane mtu wa huzuni? Watani wangu wa Lindi watanisema mpaka nife."

"Mjomba?"

Mjomba akatikisa kichwa. Akaielekeza ncha ya kisu kule jikoni. Mlango umefungwa, chungu kimefunikwa juu ya kichanja. Jiko la Hadija.

Kwa hiyo nimefuta MFAUME. Nimelowesha kidole mate nikafuta mpaka karatasi ikataka kutoboka, na mkia wa saini umebaki kidogo, basi. Juu yake nimeandika: Bi Hadija binti Ali, marehemu, pamoja na watani na wafiwa wake. Chini kabisa, kwenye mstari wa wapigaji, nimo mimi: gitaa. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akasema marehemu hatungi nyimbo. Nikamwambia huyu katunga. Akanitazama kama anaona mtu mwingine ndani ya bugaluu yangu, akakunja fomu, akapanda baiskeli.

Wasichana wakiniuliza sasa nitawaambia nini? Yule wa Masoko itabidi afe leo. Nitawaambia ni wimbo wa mke wa mjomba wangu, alikuwa anakula ming'oko midogo. Wakicheka, wacheke. Wakilia, naona hilo ndilo litakalotokea, nitawapigia tena.

Na wakituchagua? Wakituchagua, nchi nzima mpaka Mwanza huko watamjua mwanamke ambaye hakuwahi kuvuka Nangurukuru. Na watatuchagua. Mimi gitaa napiga, hilo sikulifuta kwenye fomu.

Nilipokuwa nalichukua gitaa langu nitoke, Mjomba akaniuliza lori la kwenda Masoko Jumamosi linaondoka saa ngapi.

Nikasema saa kumi na moja alfajiri. Nikasema nafasi ipo, nitampa ya mbele kwa dereva.

Akasema basi nipite nimgongee, maana siku hizi hana wa kumwamsha.

Nitagonga mpaka mlango ung'oke.