Kilo za Maji

Mabibo, Dar es Salaam
Jumanne

Dada yangu Anjela,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama hapo Sepuka, na mgongo wa shemeji umepata nafuu baada ya kuvuna alizeti. Mimi ni mzima, ila moyo hautulii. Jana tulizozana kwenye simu ukanikatia, ndiyo maana naandika, unisikilize hadi mwisho. Barua nampa dereva wa basi la kesho alfajiri.

Ile picha ya mwanao Yohana uliyowaonyesha wanakwaya wenzako, ukijisifu kwamba mji umempokea na amenawiri: dada, ule si unene wa chakula. Ni kreatini, poda wanayokoroga huko jim. Nimesoma sana juu yake na sitakudanganya, si sumu. Bondia akiitumia vizuri hupata nguvu ya kurusha ngumi nzito mfululizo. Lakini misuli hushika maji, na uzito hupanda. Wewe unafuga kuku. Unawajua wachuuzi wanaowanywesha maji kabla ya mzani. Ndivyo alivyo mwanao sasa.

Ijumaa anapimwa uzito, Jumamosi anapanda ulingoni, na kilo zimezidi. Badala ya kuacha pambano, ameacha maji. Anakimbia juani amevaa koti la plastiki. Mkojo wake una rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa. Jana alipopanda ngazi nilimwona ameshika ukuta, akasema ni kizunguzungu tu. Kocha wake ananiambia mabondia wote hufanya hivyo. Nilimjibu kwamba hata makaburini wapo wengi. Akanifungia mlango.

Nikamgeukia Yohana, nikamkaripia. Akacheka, midomo imepasuka.

"Mjomba, wewe pigana na vitabu vyako, ulingo niachie mimi. Mama mwenyewe amefurahi."

Hapo aliniweza.  Lakini wewe, mama yake, hajawahi kukubishia. Barua ikikufikia, mpigie hapo hapo. Usimsifie mwili. Mwamuru anywe maji na ajitoe kwenye pambano. Kichwa cha mtu aliyekauka namna ile kikipigwa ngumi, sitaki kuandika kinachofuata.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na shangazi wa dukani. Asali yake imefika.

Asubuhi hii nilimwekea Yohana kikombe cha maji mezani. Alikitazama, akasukutua, akatema yote.

Mdogo wako,
Elia