Diski Niliyosema Imekufa

Chumba cha juu, nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na lile goti lako limetulia, maana mara ya mwisho ulisema wewe na ngazi za huko hampatani. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana wifi yake. Presha yake imeshuka, ila ulimi haujashuka, kwa hiyo tunajua amepona. Mimi bado niko kule kule masjala, kutwa nzima nawatafutia watu mafaili ambayo namba zake wamezisahau.

Nimekawia kukuandikia, na sitasingizia kazi. Nilikuwa nimenuna. Nilikununia wewe tangu siku ile uliyopiga simu ukasema kompyuta yako ya ofisini, ile uliyokuwa ukichapia kabla hujahama, apewe Kitinda. Mama alipokata simu nilimwambia ni vizuri, kisha nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Sasa tuseme ukweli. Nina miaka kumi na mmoja nafufua kompyuta kuukuu. Ninazo saba humu chumbani, nne zinawaka, na Mama huwaambia wageni wasiingie huku kwa sababu ni makaburini. Nimeungua vidole, nimenusa moshi wa kila aina, kuchekwa nimeshazoea. Huyu Kitinda, mdogo wangu, ni kinyozi. Mwaka juzi alikuwa hajui hata bisibisi inashikwa upande gani. Alianza kwa kuniiga mimi, na daftari langu la ufundi alikuja kuliazima akasema ni la wiki moja. Huu ni mwezi wa kumi na nne.

Najua kwa nini hukunipa mimi. Ile ndogo uliyoniachia mwanzo nilikuwa na haraka ya kuiboresha. Nikaitia diski kubwa zaidi, nikaongeza kumbukumbu, na ile diski ya zamani nikaifuta nipime kama bado ina afya. Sikufikiria kuangalia kwanza kuna nini ndani. Ilikuwemo shajara yako ya miaka sita. Hukunigombeza, ulisema tu, basi mwanangu. Afadhali ungenigombeza.

Lakini kuijua sababu hakuondoi kijiba cha roho. Uje uone duka lake sasa. Kompyuta yako ameiweka karibu na kioo, kati ya mashine za kunyolea na chupa za spiriti. Lile kasha lililokuwa limegeuka njano kama meno ya mvuta sigara amelipaka dawa ya kupaushia nywele, akalifunika nailoni, akalianika juani, na kila nusu saa akawa anatoka kuligeuza. Limetoka jeupe pe. Langu nilipofanya hivyo lilitoka mabaka mabaka, kwa sababu mimi nilipaka nikaenda kulala. Vumbi la ndani kaliondoa kwa brashi ile ile anayopangusia shingo za watu. Wateja wakikaa kitini wanamsifia, na kuna fundi viatu mmoja anamwita Daktari. Miaka kumi na mmoja, mimi hakuna aliyeniita hata muuguzi. Nikaanza kupita njia ya nyuma ili nisilione duka.

Na kazi yenyewe ameifanya vizuri, niseme tu. Betri ya saa iliyo kwenye bodi ilikuwa imevuja, maji yake yameganda kijani na kuanza kula shaba. Ameing'oa kabla hajawasha chochote, kasafisha kwa siki, kapangusa kwa spiriti, na njia mbili zilizolika akaziunga kwa waya mwembamba kama unywele. Kapasita za pawa saplai, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, kabadilisha zote. Mambo hayo aliyatoa kwenye daftari langu, lakini mkono ni wake, na mkono wa kinyozi hautetemeki.

Kisha akakwama. Kompyuta inawaka, inahesabu kumbukumbu yake vizuri, halafu inasema haioni diski. Akabadilisha waya, akabadilisha tena, wapi. Wiki tatu zilizopita alikuja huku nayo nzima kwenye toroli, jasho linamtoka, akaniambia, "Dada, mimi nimegonga mwamba. Barua za Baba zimo humu. Nitazamie wewe."

Barua zenyewe unazijua, zile Baba alizokuwa akikutamkia jioni akitoka kujenga, maana kalamu ilimpa shida kuliko jiwe, nawe ukizichapa na kunitumia bwenini. Zangu nilizipata zote, nikazitia sandukuni, na maji ya paa bovu yakazimaliza. Kitinda hana alichopoteza kwa sababu hakuwahi kupata. Baba alipofariki yeye alikuwa na miaka minne.

Sasa sikia nilichofanya. Tatizo nililijua kabla hajaishusha torolini. Kompyuta za umri ule ukizing'oa betri zinasahau vipimo vya diski zao. Lazima uvisome kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa diski, uviandike mwenyewe kwenye ukurasa wa mipangilio, tena kila unapowasha. Tarakimu chache, kazi ya dakika tano. Kwenye daftari hazimo kwa sababu mimi ninachokijua kwa kichwa sikiandiki. Basi nikakaa, nikafungua, nikatega sikio kwenye diski kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa, nikatikisa kichwa. Nikamwambia, "Pole, mdogo wangu. Diski imekufa. Iache hapa, nitaona la kufanya."

Hakubisha. Alisema, "Kama wewe umesema imekufa, basi imekufa," akachukua toroli lake akashuka. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Hajafika barabarani nilikuwa tayari naisoma ile karatasi ya mgongoni.

Iliamka mara moja. Nikaita orodha ya mafaili, nikaliona jina langu la utani alilonipa Baba: CHIRIKU1, CHIRIKU2, mpaka CHIRIKU9. Nililia kidogo, sikufichi. Chini yake lilikuwepo moja la mwisho: KITINDA. Sikujua kama Baba alimwandikia, na wewe hukuwahi kuniambia. Badala ya kumfurahia mdogo wangu niliona kana kwamba ameniibia. Ninazo tisa, Shangazi, na hiyo moja nikaionea wivu.

Nikafungua ya kwanza, ikaniomba neno la siri. Ya pili vivyo hivyo, na zote. Nimejaribu jina la Baba, la Mama, lako, la mtaa wetu wa zamani, mpaka namba ya mlango wa ofisi yako. Wiki tatu, kila nitokapo kazini. Jumatano Mama, bila kujua anatoa siri, akanieleza kwamba neno hilo ulimtajia Kitinda kwenye simu ile ile, naye kaliandika nyuma ya leseni yake ya biashara. Mimi nina diski, yeye ana neno, na aliyetufikisha hapa ni mimi peke yangu.

Nilianza kukuandikia Alhamisi ili nikuombe neno hilo. Uongo nilishaupanga: Kitinda amelisahau, amenituma. Nilipofika kwenye "tafadhali nitajie", Kitinda akabisha hodi. Alikuwa na chupa ya siki mkononi, anauliza kama diski iliyokufa inaweza kusaidika ikisafishwa. Nikamjibu haiwezi. Akaniachia chupa hata hivyo, akasema labda nitajaribu nikipata nafasi. Ile karatasi niliichana, na hii unayoisoma ni ya pili.

Kwa hiyo sikuombi kitu, na siku nyingine nikikuomba usinipe. Leo mchana naibeba mashine nampelekea, nimwambie diski ni nzima na haijawahi kuwa na ugonjwa. Akitaka kunitoa dukani mbele ya fundi viatu, anitoe.

Nisalimie binamu yangu muuguzi na pacha wake, waambie sijawasahau ila wao wamenisahau. Mzee wa nyumba mpe shikamoo yangu. Mungu akupunguzie ngazi na akuongezee miaka.

Wako akupendaye hata akinuna,
Chiriku.

Nimeifungua bahasha tena, ni jioni. Nilimkuta Kitinda ana mteja kitini. Nilimwambia hapo hapo, maana ningengoja ningekimbia. Alimaliza kichwa cha yule mtu, akampangusa shingo, akamsindikiza, akafunga mlango. Ndipo akaniuliza, "Wiki tatu, Dada?" Nikasema ndiyo, wiki tatu. Akasema hajanisamehe na nisimharakishe. Nikamwonyesha pa kuandika zile tarakimu. Faili lake lilipotokea nikageukia ukutani ili aandike neno na asome peke yake. Nikasubiri. Nilidhani anasoma. Kumbe alishaandika neno, ameinuka, amenivutia kiti. Akaniambia, "Nisomee wewe. Ulimsikia akiongea, mimi sikumbuki." Nikakaa, nikaanza kusoma polepole, nikitua pale Baba alipozoea kutua.