Misumari ya Cherotich

Lydiah, wewe! Aibu niliyoipata leo, wacha tu.

Fellowship ya kanisa wamekuja huku mjini Katy kuombea nyumba yetu mpya. Si unajua pasta huombea chumba kwa chumba? Akafungua cha binti yangu Cherotich.

Woi! Miezi minane tangu tuhamie, na nguo bado ziko kwa suitcase. Maboksi yamefungwa vile vile. Ukutani hata picha moja hakuna.

Pasta akamuuliza, "Unasafiri, binti?"

Akajibu, "Sijaambiwa bado."

Lydiah. Sijaambiwa bado! Mbele ya akina mama wote!

Hizi kontrakti zangu za nursing zimetuhamisha mara saba, na ana miaka kumi na tano tu. Na vile nimekuwa nikimpigia kelele eti ni mvivu, eti amenuna, eti hataki marafiki!

Wageni walipotoka nikachukua nyundo, nikamwambia alete picha zake. Akaninong'oneza, "Mum, tumia tepu. Misumari itaacha mashimo, mwenye nyumba atakasirika."

Mwenye nyumba ni mimi!

Nimempa nyundo apige mwenyewe. Picha zimeisha kitambo, lakini bado anapiga misumari, na mimi sithubutu kumwambia aache.