Mtoto Asiyegeuka Akiitwa

Jumatatu, 6 Juni
Makwale tena. Baiskeli, matope, mbwa. Natafuta watoto wasiotembea, wasioona vizuri, waliochelewa kusema, wapimwe mapema kabla hawajafikia umri wa shule. Kata imenipa uratibu. Nani mwingine? Darasa la nne tu, lakini nikiita, ng'ambo ya mto Songwe Wamalawi wanageuka. Mwaka wa mafuriko kiboko alinipisha njia, tena alisalimia kwanza.
Mama mmoja kaficha binti nyuma ya magunia ya mpunga. Nikamwambia sikusanyi kodi, nakusanya watoto. Kacheka, kamtoa.

Jumatano, 8 Juni
Upimaji, zahanati. Nimeleta watoto wengi hadi mabenchi hayakutosha. Mtaalamu kutoka mjini, dada mpole, hajui Kinyakyusa. Mimi mkalimani.
Mambo yalikwenda vizuri mpaka zamu ya Asajile, mtoto wa mdogo wangu. Miaka mitano, miguu haina nguvu. Mdogo wangu anauza vitenge Karonga, Malawi, kwa hiyo mkewe Tusekile anakaa na mtoto kwa mama yake hapa Makwale.
Dada kamwita Asajile. Hakugeuka. Nikaita mimi. Kashtuka, basi masikio mazima. Kaulizwa, Asajile yuko wapi? Katazama mlangoni, kama anasubiri mgeni. Tusekile kainamisha kichwa, kimya.
Uamuzi: akili imechelewa. Bweni la watoto wa namna hiyo, huko milimani. Gari Jumatano ijayo. Mazoezi ya miguu wapewe wengine.

Ijumaa, 10 Juni
Nimetangaza kila mahali kwamba nimempatia mtoto nafasi. Wananipongeza. Tusekile hali chakula.
Kaniambia, "Shemeji, mtoto ana akili."
Nikamjibu mtaalamu amesoma. Nilikasirika, sijui kwa nini.

Jumapili, 12 Juni
Baada ya ibada nikampelekea Tusekile sukari. Siku hizi maduka yamejaa, hatupangi foleni. Yuko jikoni, hajaniona. Kasema taratibu, "Tata, niletee ungo." Mtoto kajiburuta, kaleta. "Siyo huo, Tata. Ule mdogo." Karudi, kaleta mdogo.
Nikasimama na sukari yangu kama mwizi.
Asajile ni jina la baba yangu. Kwetu mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe, hata likiwa la mwanawe mwenyewe. Anamwita Tata, yaani baba, na pale kwa mama yake wote wanamwita hivyo. Mtoto hajui kwamba yeye ni Asajile. Na Tusekile angelitamkaje mbele yangu, kaka wa mumewe?
Nimeona aibu. Sijaizoea.

Jumatatu, 13 Juni
Kyela mjini alfajiri. Nimeendesha hadi mnyororo ukakatika, nikamalizia kwa mguu.
Nimemweleza dada mambo ya jina. Kauliza, "Sasa Mratibu, siku ile si ulikuwepo?"
Nikamwambia mimi jina hilo nalitamka tangu nizaliwe, sikuwaza kuna mtu linamfunga mdomo. Kanitazama sana. Kasema atakuja kesho, ila kama mtoto hajibu tena, Jumatano anapanda gari.
Sina wasiwasi. Nimekula nusu sahani.

Jumanne, 14 Juni
Dada kaja. Safari hii yeye anachagua kitu, Tusekile anauliza, mimi nje, nimeweka sikio dirishani. Tata, kijiko. Tata, chungu. Tata, kikubwa kiko wapi? Vyote kaonyesha. Mwisho mtoto kaniita nimuulize huyu dada, mbona anatafuta vitu vilivyo mbele ya macho yake. Nikatafsiri neno kwa neno. Dada kacheka hadi kavua miwani.
Bweni limefutwa. Mazoezi yaanze, nyumbani, na mama yake. Tusekile kasema ndaga fijo, asante sana, kasema tena. Kushukuriwa ni haki yangu, ila leo sikujua niangalie wapi.

Alhamisi, 23 Juni
Nimelaza mianzi miwili juu ya vigingi uwani kwao Tusekile, sambamba, ya kushikilia. Dada kasema hajaona iliyonyooka kama hii. Kweli.
Baba yangu kaja kuona. Tusekile kaingia ndani, maana mkwe hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Mtoto kashika mianzi, kasimama. Magoti yanatetemeka. Kakataa nimshike. Kavuta mguu mmoja, halafu mwingine, akielekea mlango aliko mama yake.
Mzee akageuka, akaipa migomba uso wake, ili mkwe atoke.
Tusekile katoka. Mzee kaitazama ile migomba muda mrefu.