Kamba ya Zaina

Jumatatu, 13 Aprili 1953
Zaina kaanguka mara mbili usiku. Nimemgeuza ubavu, nimefuta povu. Sijalala. Si kitu. Vita ya Mjerumani nilibeba mzigo siku tatu bila usingizi, vijana wakaanguka njiani. Dresa wa zahanati alisema niandike kila kifafa kikimjia. Naandika na mengine. Daftari langu.

Jumanne, 14
Mara tatu. Tangu mama yake, binti yangu, afe, mlinzi ni mimi. Babu gani mwingine hapa Misigiri anaweza? Nimefunga kamba, mkono wake na mguu wangu. Akitikisika naamka. Akili yangu mwenyewe.

Alhamisi, 16
Mara mbili. Macho yana mchanga. Nilikuwa shambani naamia ndege, nawafukuza, nikasinzia nimesimama. Uwele umeliwa. Jioni dada yangu Hadija, mjane wa nyumba ya pili, kaja na ngozi yake ya kulalia. "Kaka, nipishe siku mbili tu. Unatembea kama maiti." Nimemrudisha na ngozi yake. Simpi mtu.

Ijumaa, 17
Mara nne. Uji nimetia chumvi mara mbili. Nimemfokea Zaina. Miaka saba, hasemi, anacheka tu. Leo kalia. Aibu.

Jumapili, 19
Naandika mara moja, basi.
Usiku kamba ilivuta. Ikavuta tena. Kila mara nasema, "Nipo, mama, nipo." Napapasa, nasikia joto, nalala. Alfajiri Hadija kaja kuomba moto, kapiga yowe.
Kamba niliifunga kwa ndama.
Ndama hulala ndani na sisi, kama kila nyumba. Mimi ninayewajua ng'ombe wangu gizani kwa kupapasa. Zaina alikuwa kwenye mafiga, kaanguka, mkono ndani ya makaa. Umeungua hadi kiwiko. Yu hai. Dresa kaufunga.
Hadija kafagia majivu, kaenda zake. Bora angenitukana.

Jumatatu, 20
Nimekwenda mwenyewe kwa Hadija. Sikujua nianze vipi. Nikasema, ngozi yako iko wapi. Nimeibeba kichwani, mchana, watu wanaona. Yeye nyuma yangu: "Haya kaka, mzigo wa Mjerumani huo, usiudondoshe."
Nimecheka. Halafu machozi. Vumbi.

Jumatano, 22
Nimelala toka magharibi mpaka ng'ombe wametoka. Mguu una alama ya kamba, unawasha.
Zaina kaanguka mara moja. Mimi sikuona. Naandika kwa neno la Hadija.