Picha ya Furaha ya Bosi

Mwenzangu, bosi kaumbuka leo! Niko chooni, nacheka mpaka mbavu zinauma.

Si unaujua ule utafiti wetu wa ubongo, wagonjwa wa akili wenye skizofrenia wanaonyeshwa picha za nyuso wataje hisia? Picha ya furaha ni ya bosi mwenyewe.

Leo mgonjwa mmoja kaitazama, akasema, "Hasira."

Bosi akashindwa kujizuia. "Hapo nilikuwa na furaha!"

Yaani sisi wasaidizi tumekatazwa hata kukohoa mgonjwa anapojibu, yeye anabishana!

Mgonjwa akamuuliza kwa upole, "Na sasa hivi, daktari?"

"Sasa nimekasirika!"

"Mbona sura ni ileile?"

SURA NI ILEILE! 😭

Bosi akanigeukia mimi. Nikaapa kwamba picha ile ni furaha tupu.

Mgonjwa akanitazama usoni, akasema, "Woga."